Kabla hujamcheka anayekunywa stauti ya chupa

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia ujumbe mrefu, na sitaficha, umenichoma. Anasema mtu anayesifia stauti ya chupa, yaani bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, hana haki ya kumshauri yeyote kuhusu bia nyeusi, kwamba ya asili ni ya bomba, ile inayomiminwa baa kutoka kwenye pipa, na kwamba kopo na chupa ni za wasio na pa kuipata ile ya kweli. Faraghani nimemjibu kiungwana. Hapa nitasema yote.

Mimi chupa ndiyo iliyonilea. Guinness Foreign Extra, ile yenye kilevi cha asilimia 7.5, chungu kwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na shayiri iliyokaangwa hadi inakaribia kuungua. Nilipokuja kuionja ya bomba, nilidhani mtu kaichanganya na maji. Wenzangu mezani wamefumba macho kwa utamu, mimi naitafuta bia iko wapi. Walinicheka sana siku ile, na mmoja wao bado hunikumbusha kila tukikutana. Lakini ulimi wangu haukunidanganya: Guinness ya bomba ina asilimia 4 na kidogo tu. Humo glasini hamkuwa na bia yangu ya chupa iliyobadilishiwa nguo, ilikuwa bia nyingine kabisa. Ukitaka kulinganisha, soma kwanza lebo, uone asilimia, uone kama ni ya aina moja na ile unayoishindanisha nayo. Wabishi wengi hawafiki hata hapo.

Tofauti ya pili ni gesi. Stauti ya chupa kwa kawaida ina kaboni dioksidi, ambayo huyeyuka vizuri ndani ya bia na ikifika ulimini inachoma kidogo, hivyo ule uchungu unasikika zaidi. Ya bomba husukumwa na mchanganyiko ambao takriban robo tatu yake ni naitrojeni. Naitrojeni haipendi kuyeyuka. Bia inapobanwa kupita kwenye kisahani chenye vitundu vidogo ndani ya bomba, gesi inachomoka kwa viputo vidogo mno, na hilo ndilo povu zito linalokaa juu kama limepakwa. Itazame glasi ikiwa bado inatulia: pembeni, kwenye kioo, utaona viputo vinashuka badala ya kupanda. Macho yako ni mazima. Katikati ya glasi viputo vinapanda na kuivuta bia juu, halafu bia hiyo inateremka kandokando na kuburuta vile vidogo kwenda navyo chini. Nimewahi kuacha kinywaji kikapata joto kwa kutazama hilo tu.

Sasa hilo neno "asili". Mfumo wa naitrojeni ulibuniwa na Michael Ash, mwanahisabati aliyeajiriwa na Guinness, ukaanza kutumika mwaka 1959. Arthur Guinness, mwanzilishi wa kampuni, alikuwa ameshakodi kiwanda cha St James's Gate, Dublin, tangu 1759. Hesabu mwenyewe: miaka 200 ya Guinness kabla ya hilo povu unalonitishia nalo. Ile ya chupa ninayochekwa kwayo, kampuni yenyewe inaufuata ukoo wake hadi bia ya kusafirishwa Karibi ya mwaka 1801. Kwa hiyo, ndugu yangu, penda bomba kwa ulaini wake, ni haki yako, ila habari za asili tuziache.

Kopo nalo lisidharauliwe. Lile linalogongagonga ukilitikisa likiwa tupu lina kimpira cha plastiki chenye kitundu. Kiwandani, kabla ya kopo kufungwa, hutiwa tone la naitrojeni iliyo kimiminika. Inageuka gesi, presha inapanda, bia kidogo na gesi vinasukumwa ndani ya kimpira. Siku unapolifungua presha inashuka ghafla na kimpira kinafyatua vyote kupitia kitundu kile, ndiyo mlio wa "fshhh" unaousikia, na povu linaanza papo hapo. Uvumbuzi huo ulipata tuzo ya Malkia wa Uingereza ya teknolojia mwaka 1991. Sharti lake moja: liwe baridi sawasawa, lilale friji saa kadhaa. Likiwa vuguvugu litakumwagikia mezani. Na limimine lote glasini kwa mkupuo. Anayelinywa kutoka kwenye kopo kalipia kimpira bure.

Wale wale walionicheka niliwahi kuwamiminia jikoni kwangu, wao wakiwa sebuleni: glasi moja ya kopo, nyingine ya bomba iliyoletwa imefungwa vizuri kutoka baa wanayoisifia. Wakachagua kopo, wote. Nilifurahi kuliko inavyofaa. Najua meza moja ya marafiki haithibitishi kitu. Mtu wa Guinness mwenyewe, William Sealy Gosset, ndiye aliyechapisha mwaka 1908, kwa jina la Student, njia ya kupima vitu kwa sampuli ndogo, na asingeridhika na jikoni yangu. Tena bia ya bomba ikishasafiri imepoteza mengi. Lakini ile ilikuwa na lingine: uchachu, na harufu fulani ya siagi. Hiyo ni mipira michafu ya bomba la baa. Mpira wa kupitisha bia kutoka kwenye pipa unatakiwa kusafishwa kila baada ya wiki mbili hivi, la sivyo bakteria wanajenga humo. Mwulize mhudumu lini wamesafisha mara ya mwisho. Akikukodolea macho, agiza chupa.

Na glasi, jamani, glasi! Mafuta kidogo au mabaki ya sabuni yanaua povu la aina yoyote. Suuza sana, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Ikiwa safi, kila funda litaacha mkanda wa povu kwenye kioo, na ukimaliza utaihesabu mikanda. Isipoacha kitu, usilaumu bia. Wangapi wanatukana kopo na kosa liko kwenye kabati lao la vyombo?

Msomaji wangu aliuliza pia, kwa kejeli, kama chupa nayo inamiminwa kwa ufundi. Ndiyo. Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, inyooshe ukikaribia mwisho ili povu lipate kukaa. Isiwe baridi kama barafu, hiyo ya asilimia 7.5 ikigandishwa hutaonja kitu. Mimi huitoa friji mapema kidogo, naiacha mezani, ndipo naitafuta glasi.