Kambi ya wapita njia hujulikana masika

Bwana Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki limeuliza: kambi na mabweni ya wapita njia hapa visiwani, je, yana thamani ya pesa yanayotoza? Majibu mawili mliyoyachapa kwanza yamepingana mbingu na ardhi. Msomaji mmoja kasema alilala kama yuko kwa mamake. Mwengine kasema hata mbuzi wake hampeleki. Kwa dalili walizozitoa, wote wawili wanaizungumzia kambi moja, ile ya kaskazini mwa Pemba yenye bweni la bati na kiwanja cha mahema chini ya msufi. Jina sitalitaja, na wanaotembea wameshaijua.

Kilichonigusa ni lile neno mliloliweka chini ya swali, kwamba huenda wanaolalamika "wamezoea hoteli". Nimekaa kuandika nikiwa upande wa kambi. Bei si mbaya: elfu ishirini kitanda, elfu kumi hema, chakula mbali. Aliyetoka Mkoani kwa miguu akafika pale hatakiwi kuuliza mashuka ya pasi. Basi nianzie hapo.

Wanaokitembea kisiwa kizima huanzia Mkoani, wakamalizia mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Pemba kwa urefu ni kama kilomita 67, lakini mguu haufuati rula. Ukiiacha lami ukapita vijia vya mashamba, unashuka kila bonde la mpunga na kupanda kila kilima cha mikarafuu, na kilomita 80 unazipita. Wengi huigawa safari siku nne au tano, Chake Chake ikiwa kati, na kambi hii huwa ndiyo usiku wa kabla ya Konde na msitu wa Ngezi. Mtu anafika na shanta la kilo kumi na mbili mgongoni, malengelenge yameshapasuka, nguo zote zimeganda chumvi ya jasho. Haja zake ni tatu tu: maji, mahali pakavu, na chakula cha moto.

Na sisi kulala nje hatukufundishwa na mgeni. Wavuvi wa Pemba wanakwenda dago, yaani kuweka kambi ya uvuvi, hadi pwani ya Kenya, wanakaa wiki kwa wiki, na mahali pa dago hapachaguliwi kwa uzuri. Kwanza maji ya kunywa. Pili upepo, maana palipo shwari wakati wa kaskazi pengine hapakaliki kusi ikianza. Tatu, maji ya mvua yanapita wapi. Kivuli na kuni baadaye. Kwa hiyo swali lenu la bei nimeligeuza kidogo, mniwie radhi: kambi hii ingepita kwenye kipimo cha wazee wa dago?

Maji kwanza. Kuna kisima, pampu ya umeme, na tangi moja la lita 1,000 juu ya jukwaa. Anayeoga kwa ndoo na kata anatosheka na lita 15 hadi 20. Anayeoga chini ya bomba la mvua akaliacha wazi tangu kujipaka sabuni hadi kujisuuza, lita 45 zimekwenda. Wakifika watu ishirini siku moja, ishirini mara 45 ni 900, na hapo hakujapikwa, hakujatawadhwa, wala hakujafuliwa soksi. Umeme wa kisiwa unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Ukikatika, pampu imesimama. Ndiyo maana aliyefika kabla ya alasiri anasifu na aliyefika baada ya magharibi anakuta mfereji unatoa pumzi. Dawa yake ni mapipa mawili ya lita 200 yajazwe asubuhi, ndoo na kata ziwekwe bafuni, bomba lifungwe pakiwa na watu wengi. Haya yalishasemwa pale na yalifanywa kwa muda. Kwenye maji, basi, sina ugomvi nao mkubwa.

Lakini siwezi kuieleza kambi hii bila ya usiku mmoja wa masika, katikati ya Aprili, na nikishaueleza sijui kama nitabaki upande nilioanzia.

Walikuwa watu kumi na wanne. Sita walichukua bweni, wanane wakapiga mahema manne kiwanjani. Walifika saa kumi na moja jioni, mbingu imefunga upande wa kusini-mashariki lakini chini kukavu. Kiwanja kilikuwa kinapendeza macho: tambarare, laini, hakina jiwe. Ulaini ule ndio ulikuwa wa kutiliwa shaka. Udongo wa kando ya bonde haulainiki wenyewe. Unalainishwa na maji yanayotuama kila mwaka na kuacha tope jembamba, tabaka juu ya tabaka. Na kwenye kona ya chini kulikuwa na ndago zimeota kwa wingi, zile nyasi zenye shina la pembe tatu. Palipoota ndago namna ile, maji hukaa.

Makosa ya watembeaji yalikuwepo, na niyaseme kwanza. Mahema mawili yalitandikiwa turubali kubwa kuliko sakafu ya hema, limetokeza shibiri nzima kila upande. Turubali likitokeza linakuwa sinia: linakinga mvua inayoteremka ukutani mwa hema na kuipitisha chini ya mgongo wa aliyelala. Linatakiwa likunjwe liingie ndani ya ukingo kwa vidole vinne, lisionekane ukisimama nje. Vigingi navyo vilipigwa wima. Kwenye udongo wa tope kigingi kinalazwa, kichwa kikiegemea nje mbali na hema, kama nusu ya pembe mraba. Na tope likiwa zito hata hivyo hakishiki. Hapo hukatwa kijiti cha mpera kama dhiraa moja, kamba ikafungwa katikati yake, kikazikwa kimelala shibiri moja na nusu chini, udongo ukakanyagwa. Hicho hata upepo wa kusi haukiondoi.

Mvua ilianza saa nane usiku. Haikuwa ya ajabu, ilikuwa mvua ya masika ya Pemba, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, kila mtu anajua. Nyuma ya bweni kuna mtaro uliochimbwa kuchukua maji ya paa kuyapeleka bondeni. Bati la upande ule ni kama mita 12 kwa 3, yaani mita mraba 36. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Mvua ya milimita 40, ambayo masika huishusha bila ya kujikaza, inatoa zaidi ya lita 1,400 kwenye ukingo mmoja wa paa. Maji hayo yote yalitakiwa yaende mtaroni. Mtaro ulikuwa umejaa mchanga, makumbi ya nazi, majani ya msufi na ndara moja ya mtoto iliyokatika kanda. Maji yalifika penye makumbi, yakasita, yakapanda ukingo, yakageuka kushoto kuelekea kiwanjani.

Hema la kwanza liliingiwa kwa chini. Hayakuja kwa kishindo. Yalichungulia kwenye mshono, tone, kisha uzi, kisha sakafu yote ikawa inacheza ukiigusa kwa kiganja, kama ngozi ya maziwa. La pili liling'oka vigingi vya upande mmoja likawalalia waliomo. Kufika saa nane na nusu watu wanane walikuwa nje na tochi za kichwani, wamekumbatia mashanta, na mlinzi ameshafungua baraza ya bweni anawaita, "Njooni huku, njooni huku, acheni hayo mahema!"

Sasa watu wa kambi niwape haki yao. Mlinzi alitoa majamvi yote aliyokuwa nayo. Mpishi, mama mtu mzima anayelala nyumba ya jirani, alikuja chini ya mvua na kipande cha turubali kichwani, akawasha moto kwa makumbi makavu aliyokuwa ameyahifadhi darini, na kabla ya saa kumi kila mtu alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi. Hakuna aliyemwamsha wala aliyemlipa kwa lile. Wale sita wa bweni nao walilala fofofo. Wawili hawakujua hata kama mvua ilinyesha. Kutoka kitanda cha dirishani hadi hema la kwanza ni hatua kumi na mbili. Mkiwauliza hawa na wale juu ya kambi, mtachapa majibu mawili yanayopingana, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo.

Kulipopambazuka, vijana wawili walichukua majembe wakazibua mtaro. Iliwachukua nusu saa, labda dakika arubaini, pamoja na kuchonga ukingo wa upande wa kiwanja ili uinuke kidogo. Maji yaliyokuwa yametuama yakateremka bondeni mbele ya macho ya watu wote. Hapo ndipo ninaposhindwa kuitetea kambi kama nilivyokusudia. Nusu saa ya jembe! Si fedha, si fundi, si kibali cha mtu. Na asubuhi ile malipo ya hema yalidaiwa kamili, elfu kumi kwa kila hema, hata lile lililolala chini.

Mengine yana nafuu. Magodoro: ya vitanda vya juu ni ya sponji, ya vitanda vya chini baadhi bado ni ya sufi. Chagueni ya sufi. Likilowa, likitolewa juani siku moja na kuchambuliwa linarudi. Sponji hunywa unyevu wa masika na kubaki na harufu hata likiwa linaonekana kavu. Kunguni niliwahi kusikia wakilalamikiwa. Angalieni kwa tochi mishono ya godoro na viungo vya kitanda, vidoa vyeusi kama wino uliorukia ndiyo alama yao, na shanta msiliweke kitandani, litundikeni kwa kamba katikati. Vyoo ni safi. Bafu la wanawake liko upande wake na mlango unafunga kwa ndani, jambo ambalo kambi nyingi hazilijali. Chandarua mje na chenu.

Chakula ni kizuri kupita bei yake. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza, au muhogo na samaki wa kuchoma, lakini agizo litolewe kabla ya alasiri, kwa sababu samaki hununuliwa kwa idadi ya watu, hakuna jokofu la kuaminika. Ramadhani jikoni hakuwashwi moto mchana. Futari na daku vipo, na anayelazimika kula mchana ale ndani kwa staha. Njooni na vitambulisho, majina yanapelekwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani, usiku ule ule, msione mnafanyiwa upelelezi. Na wakati wa karafuu ulizeni kwanza, kwa sababu bweni huweza kujaa wachumaji, na wao wana haki zaidi ya kitanda kile kuliko anayetembea kwa raha zake.

Msomaji mmoja ameilinganisha na Kilimanjaro. Kule, Njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo. Njia nyengine za kupandia watu wanalala mahemani. Lakini mwenye hema mlimani mara nyingi anapiga juu ya mwinuko wenye changarawe, maji yanapita chini kwa chini. Bondeni kwetu si hivyo, na hema zuri halisaidii mahali pabaya.

Basi jibu langu, kwa anayetaka la kukamata. Kitanda cha bweni kina thamani ya elfu ishirini, masika na kiangazi, kama si kipindi cha karafuu na kama mtafika kabla ya alasiri. Hema kuanzia Juni hadi Septemba, sawa, lakini pigeni upande wa juu karibu na mlango wa jikoni, msikae chini ya mnazi wa kona hata kivuli kikiwaita, na mlango wa hema msiuelekeze kusi. Hema kuanzia Machi hadi Mei, hapana, hata bure. Bweni likiwa limejaa, tokeni barabarani mapema mpande gari la Wete mkalale gesti, kesho yake mrudi pale pale mlipokatisha. Safari haivunjiki kwa hilo. Vuli inategemea, mwaka mwengine inapita kama manyunyu, mwaka mwengine ni masika ya pili.

Nilianza nikiwa upande wa neno lenu, kwamba wanaolalamika wamezoea hoteli. Wale wanane hawakuzoea hoteli, walikuwa na siku nne miguuni. Hata hivyo nisingependa kambi ifungwe, kwa sababu ya yule mama wa jikoni, na kwa sababu kati ya Chake na Konde sijaona pengine ambapo kundi la watu kumi na wanne linaweza kufika jioni kwa miguu na kupokelewa. Ningetaka bei ya hema ishuke hadi elfu tano miezi ya masika, au isidaiwe kabisa hema likiingiwa na maji.

Pengine mtaro umeshazibuliwa, na kama ndivyo nusu ya niliyoyaandika inapungua uzito. Anayekwenda mwezi huu azunguke nyuma ya bweni kabla ya kuvua shanta, autie mkono mtaroni. Mara ya mwisho ulikuwa na mchanga hadi kwenye kifundo, na makumbi mapya yalikuwa yameanza kutupwa.

Msomaji wenu, Chake Chake