Barua ya jiji kuhusu gari bovu nyumbani, Texas

Ndugu yangu, hiyo barua ya Corolla iliyokufa mbele ya gereji usiiweke juu ya friji ukaisahau. Sheria ya Texas inakupa siku 10 uliondoe gari au uombe kusikilizwa. Ombi likichelewa, imekula kwako. Uwanjani kwako, gari huhesabiwa bovu likikaa zaidi ya siku 30 halitembei, na namba zake zimekwisha muda au hazipo. Ukilifungia ndani ya gereji lisionekane kabisa, umepona. Turubai halitoshi: mimi nilifunika, mkaguzi akaja akapiga picha matairi yaliyolala bila upepo! Huna gereji? Ita watu wa skrepa walibebe, kisha piga picha pale palipobaki peupe umtumie mkaguzi.