Mume wangu anauonea haya ukoo wake wa wafumaji

Dada yangu wa Glasgow, umeniandikia kwamba mumeo Mskoti amekuta katika sensa ya mwaka 1851 jina la bibi wa babu yake mzaa mama, wakati huo binti wa miaka 9 katika nyumba ya mfumaji wa kijiji cha Kilbarchan, na mbele ya jina hilo imeandikwa kazi ya kuviringisha uzi. Tangu siku hiyo amemkataza mama yake kuwasimulia watoto wenu habari hizo, kwa kuamini kwamba wazee wake walimtumikisha mtoto. Unauliza kama unyamaze ili nyumba itulie.

Usinyamaze, dada yangu, ila usimwendee kwa kumsuta. Uchungu wake ni wa haki, maana mtoto wa miaka 9 alistahili kusoma, na sheria ya kumlazimisha mzazi wa Uskoti kumsomesha mwanawe haikupatikana hadi mwaka 1872. Hata hivyo, lawama ameitua pasipostahili.

Mfumaji wa Kilbarchan alifanya kazi nyumbani kwake. Mtambo wa kufumia ulikaa chumba cha chini chenye sakafu ya udongo, kwa kuwa uzi ukikosa unyevu hukatika, na familia ikaishi papo hapo, kelele na vumbi vikiwa sehemu ya maisha yao. Tajiri aliyewapa nyuzi alilipia kitambaa kilichokamilika tu. Lakini mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukingama, hauingii katika mtande, yaani nyuzi zilizotandwa mtamboni, kabla mtu hajaketi kwenye gurudumu akauviringisha kwenye vijiti vidogo, kimoja baada ya kingine, na kijiti kikiisha uzi baba naye husimama. Asiye na mke wala mtoto wa kumsaidia alimlipa mtu mwingine kutoka katika ujira wake mwenyewe, ujira ambao ulikuwa umekwisha kuporomoka kwa wingi wa wafumaji na kwa ushindani wa mitambo ya mvuke. Kwa hiyo mkono wa binti yule ulikuwa unga wa jioni. Andrew Carnegie, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa chuma huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, Uskoti, katika nyumba ya namna hiyo, mtambo chini na familia juu, alishuhudia mama yake akishona viatu kwa sababu kazi ya baba imekauka, hadi wakahamia Marekani mwaka 1848.

Umenieleza pia kwamba utotoni Tanga ulikuwa ukirudi chuoni unakaa barazani kumsukia mama ukili wa mikeka yake. Je, umewahi kumsimulia mumeo? Anza na hilo, usiku, watoto wakiwa wamelala, nawe umweleze bila kuficha siku ulizochoka na siku ulizofurahi.

Kisha mwombe mwende Kilbarchan, ambako nyumba ya mfumaji iliyojengwa mwaka 1723 bado imehifadhiwa, na mama mkwe awe pamoja nanyi. Kijiji hicho kilikuwa na mitambo ipatayo 800 katika miaka ya 1830, hivyo hamtakuwa mnaitazama aibu ya mtu mmoja. Mkisharudi, mumeo mwenyewe ndiye awasomee watoto ule ukurasa wa sensa, na jina la binti yule alitamke kwa sauti.