Lebo Ndogo za Vipodozi: Anza na Kopo, Kompyuta Baadaye

Lebo zangu za kwanza nilizipenda mno. Siku tatu nzima nilikuwa nazichora: maua pembeni, herufi za mwandiko zenye mikia mirefu. Nikazichapa kwa printa yangu ya inkjeti kwenye stika za karatasi, nikabandika kwenye makopo ya siagi ya shea. Haikupita wiki mbili, mteja akanitumia picha. Jina la bidhaa lilikuwa limechuruzika, karatasi imelowa mafuta hadi inaonyesha upande wa pili, na vidole vyake vina rangi ya bluu. Akaniuliza kwa upole kama kilichomo ndani ni salama. Swali lile liliniuma, maana kilichomo ndani nilikuwa nimekitengeneza kwa uangalifu wote.

Kopo la kipodozi hushikwa na mikono yenye mafuta na hukaa bafuni penye mvuke. Karatasi haistahimili hayo. Tafuta stika za plastiki, za polipropilini au vinili, na ukiweza chapa kwa printa ya leza. Tona, yaani wino wa printa hiyo, ni unga wenye plastiki ndani yake. Mashine huuyeyusha kwa joto ukashikamana na stika, kwa hiyo maji hayauondoi kirahisi. Wino mwingi wa inkjeti ni rangi iliyoyeyushwa majini, na maji yakirudi nao unarudi kuyeyuka. Kama inkjeti ndiyo uliyo nayo, tumia wino wa pigimenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka majini) na stika zilizotengenezwa kwa ajili yake, kisha funika lebo kwa plastiki angavu. Ila stika za plastiki za inkjeti usizitie kamwe kwenye printa ya leza, zinaweza kuyeyukia humo ndani.

Kabla ya kuchapa nyingi, chapa moja, ibandike, iache siku nzima. Ipake mafuta yako yenyewe, iweke chini ya bomba, uisugue kwa kidole gumba. Isipopita hapo, usiuze nayo.

Sasa vipimo. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye kopo, tia alama kwa kalamu pale unapokutana, halafu pima kwa rula. Kichupa cha mafuta ya mdomo chenye kipenyo cha milimita 16 kina mzunguko wa kama milimita 50 tu. Hiyo ndiyo nafasi yako yote! Makopo yanayopungua kuelekea chini yalinitesa sana, kwa sababu lebo ya mstatili hujikunja pembeni hata ubandike kwa ustadi gani. Chagua kopo lililonyooka, au tumia lebo ndogo ya duara.

Kwenye nafasi hiyo lazima viingie jina, matumizi, uzito, viambato, namba ya toleo (ya kundi la bidhaa ulizotengeneza pamoja), tarehe na mawasiliano yako. Hapo ndipo nilipoyaondoa maua yangu. Maandishi sishushi chini ya pointi 6, na herufi za mwandiko nimeziachia jina peke yake. Kanuni hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo soma za kwako kwanza, lakini utaratibu uliozoeleka ni kupanga viambato kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi kwenye mchanganyiko. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kufuata mwishoni kwa mpangilio wowote. Kila kiambato huandikwa kwa jina lake la kimataifa la vipodozi: siagi ya shea ni Butyrospermum Parkii Butter, nta ya nyuki ni Cera Alba. Mimi huongeza na jina la kawaida, ili mwenye mzio aelewe bila kubahatisha.

Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na rangi ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Kwenye dirisha la kuchapa chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Nilipoteza karatasi nyingi za stika kabla ya kugundua kwamba programu ilikuwa inapunguza ukurasa hadi asilimia 97. Unaonekana upungufu mdogo, kumbe kwenye A4 yenye urefu wa milimita 297 ni karibu milimita 9, na maandishi yanaangukia kwenye mkato. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya ile ya stika, zinyanyue dirishani uone kama mistari inalingana.

Kubandika ni kazi fupi: futa kopo kwa spiriti, likauke, anza katikati ukisukuma hewa kwenda nje. Usibandike kopo likiwa bado na joto la krimu.

Sabuni ya kipande ina mambo yake. Inapokaa wiki 4 hadi 6 ikikomaa hupoteza maji, na kwa hiyo husinyaa. Kanda za karatasi nilizofunga mapema zilikuwa zinateleza na kuanguka zenyewe, na uzito niliouandika ulikuwa mkubwa kuliko sabuni iliyomfikia mteja. Siku hizi nasubiri ikomae, napima, ndipo nachapa.