Hiyo siyo Phoenix, ni Raleigh

Kaka hiyo baiskeli ya zamani uliyoweka picha yake, ile kuku wanalala juu yake, ni Raleigh ya Mwingereza, siyo Phoenix ya Mchina kama wengi wanavyokwambia. Kuza picha uangalie pale kwenye gia kubwa ya pedeli, chini ya hayo matope kuna ndege korongo watatu wamekatwa kwenye chuma chenyewe, shingo ndefu na mdomo, hiyo ndo alama ya Raleigh, alafu hata nembo ya mbele chini ya usukani ingawa imeliwa na kutu bado kichwa cha korongo kinaonekana. Mzee wangu alikuwa fundi baiskeli na mi nimekua nashika spana, hizi nilikuwa nazijua hata kwa kupapasa gizani.

Ila gia hubadilishwa, watu walikuwa wanafunga chochote kilichopatikana, kwahiyo futa nembo taratibu na kitambaa chenye mafuta ya taa usome, ikiandikwa Nottingham England basi imetoka kiwandani kwao kabisa, maana kuna Raleigh zilitengenezwa India pia. Na kama habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha katikati ya gurudumu, ni ya gia tatu aina ya Sturmey-Archer, toa grisi utaona namba imegongwa, mfano 58 maana yake habu ni ya 1958.

Tafadhali usiipige rangi mpya, ile mistari ya dhahabu kwenye madgadi bado ipo, na breki zake za vyuma zimekamilika kabisa, jamani hiyo baiskeli ni nzuri mno kuachiwa kuku walale juu yake.