Maswali ya Wasomaji: Mvumo wa Marimba ya Guatemala

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya msingi mjini Kakamega. Wanafunzi wangu wa ngoma ya Isukuti waliposikia redioni marimba ya Guatemala, mmoja alidai kwamba spika imepasuka, kwa kuwa kila sauti ilifuatwa na mvumo kama wa nyuki. Je, mvumo huo hutoka wapi, na imekuwaje ala ya Amerika ya Kati ikawa na jina tunalolielewa bila mkalimani?

JIBU: Mwalimu, mwambie mwanafunzi huyo kwamba redio ni nzima na sikio lake ni zuri. Chini ya kila ubao wa marimba hiyo huning'inia kisanduku chembamba cha kukuza sauti, na karibu na ncha yake ya chini fundi hutoboa tundu dogo, akalizungushia nta, kisha akabandika juu yake utando mwembamba wa utumbo wa nguruwe. Ubao unapogongwa kwa fimbo yenye kichwa cha mpira, hewa iliyomo kisandukuni hutikisika, utando nao hutetema, na hapo ndipo mvumo huzaliwa. Waguatemala huuita charleo. Kwao si dosari hata kidogo, na msikilizaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hapa Kisumu, aliyezoea nyuzi zinazovuma, atawaelewa upesi.

Kuhusu jina, jibu limo katika utando huohuo. Wachopi wa Msumbiji hupiga timbila, ala ya mbao inayofanana na marimba, ambayo vibuyu vyake vina tundu, nta na utando kwa mpango uleule, na marimba za zamani za Guatemala pia zilikuwa na vibuyu badala ya visanduku. Neno lenyewe ni la Kibantu. Wako Waguatemala walioamini kwamba ala hii ni ya Wamaya tangu kale, lakini mimi naona ushahidi unaelekea kwa Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa, waliobeba ufundi huo vichwani mwao kwa kuwa mikono yao ilifungwa. Mwanahistoria Domingo Juarros anaitaja marimba katika sherehe za kuzindua kanisa kuu la Santiago, mji unaoitwa leo Antigua, mwaka 1680, na waliokuwa wakiipiga ni Wamaya.

Hata hivyo, haki ya Wamaya isipunguzwe. Wao ndio waliochagua mti wa hormigo, ambao mbao zake hulia kwa uwazi wa ajabu, na kabla ya kuwapo safu ya pili ya mbao walishusha sauti nusu hatua kwa kubandika donge la nta chini ya ubao. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja marimba ya safu mbili. Mji wa Quetzaltenango, Guatemala, humsifu Sebastián Hurtado kwa uvumbuzi huo, ilhali watu wa Chiapas, nchini Meksiko, humtaja Corazón de Jesús Borraz. Kwa kawaida marimba mbili hupigwa pamoja: wapigaji wanne hupiga kubwa na watatu hupiga ndogo, bega kwa bega. Mwaka 1978 marimba ilitangazwa kuwa ala ya taifa la Guatemala.

Ukitaka wanafunzi wako wausikie mvumo huo kwa karibu, tafuta kibuyu kikavu, utumbo uliosafishwa vizuri kutoka kwa mchinjaji, na nta kwa mfuga nyuki. Utando uwe mwembamba kabisa. Ukiwa mnene, hautatetema.