Alama A za Insha Hazitakuandikia Hadithi

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, ameniandikia kwa uchungu kwamba muswada wake wa riwaya umekataliwa na mchapishaji, ilhali katika somo la stadi za mawasiliano hajawahi kupata chini ya A. Sasa anataka kuuandaa upya kwa ajili ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na anauliza kama darasa la uandishi bunifu lina jambo lolote jipya la kumfundisha. Lipo, mdogo wangu, tena ni kubwa.

Mimi nimepita katika madarasa yote mawili. Katika lile la chuo tulifundishwa kutangaza hoja kuu katika aya ya kwanza, kuitetea kwa ushahidi, kunukuu kwa uaminifu, kupanga marejeleo kwa alfabeti, na kuhitimisha kwa kurudia yale tuliyokwisha kuyasema. Ni mafunzo ya lazima, wala hayakunipa taabu; insha zangu zilisomwa mbele ya darasa zikiwa mfano. Lakini siku niliyoanza insha kuhusu vijana wanaohamia mjini kwa kumsimulia kijana mmoja akifunga begi lake usiku, huku bibi yake akijifanya amelala, mhadhiri aliukata ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Hoja iko wapi?" Maneno yale yananiuma mpaka leo, kwa sababu ukurasa uleule ndio uliokuja kuwa mwanzo wa hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa.

Katika darasa la uandishi bunifu unagawa nakala za kazi yako mapema, kisha unakaa kimya wenzako wakiijadili mbele yako, na huruhusiwi kujitetea mpaka wamalize. Utaratibu huu unahusishwa sana na warsha ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, ingawa siku hizi wapo walimu wanaomruhusu mwandishi kuuliza maswali tangu mwanzo. Kimya kile ni kigumu kuliko mtihani. Insha hupimwa kwa mwongozo wa kusahihishia, nawe unajua umepoteza alama ngapi na wapi. Hadithi hupimwa na mtu aliyechoka kwenye ukurasa wa tatu, ambaye hana alama ya kukupa wala ya kukunyima.

Mwenzetu mmoja aliandika, "Mama alihuzunika sana." Nilimwuliza mikono ya mama huyo ilikuwa inafanya nini. Wiki iliyofuata sentensi ilikuwa hii: "Mama aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi." Darasa zima lilinyamaza. Katika insha ungedaiwa ufafanuzi. Katika hadithi, ukimfafanulia msomaji jambo aliloliona kwa macho yake, unamdharau.

Kwa hiyo usiridhike na sifa za walimu. Wala usilitupe darasa la insha, kwa kuwa mwandishi wa riwaya ya kihistoria asiyejua kuhakiki tarehe anamdanganya msomaji wake. Wape kazi yako watu wasiokuonea haya, uwasikilize bila kujibu, hata pale unapoona wamekuonea. Kisha chukua muswada wako uliorudishwa, ufute kila sentensi inayomwambia msomaji ahisi nini, na uhesabu kurasa zilizobaki kabla ya kuandika nyingine.